Thika hadi Ruiru kwa Njia ya Nyahururu

Tangu Jumapili mmekuwa mkiniuliza swali moja, wengine mkicheka: ilikuwaje mtu mzima akatoka Thika kwenda Ruiru, akachukua siku tatu? Nimeeleza kwa simu mara saba, na kila nikifika Murang'a anayenisikiliza ananikatiza: "Murang'a ya nini?" Sasa nimeamua kuandika mara moja. Someni, kisha mniache nipumzishe mgongo.

Thika

Gari ni langu, lile ninalobebea vitambaa vya duka. Abiria walikuwa wawili. Wa kwanza ni mama yangu, Wambui, mwenye miaka sabini na sita na goti moja tu linalokunjika. Wa pili ni kaka yake, Mwalimu Kariuki, aliyefundisha jiografia maisha yake yote na mpaka leo hajaamini kwamba alistaafu.

Tuliyekuwa tunamtafuta ni dada yao mkubwa, Nyambura. Kwa Kiswahili cha vitabuni ni mama yangu mkubwa. Sisi kwetu tunasema tata. Sikuwa nimewahi kumwona. Aliolewa mbali, huko juu kwenye mashamba yaliyokuwa ya wazungu, na nyanya yangu alipokufa hakuja kumzika. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa tangu utotoni: "Nyambura hakuja kumzika mama yake." Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi. Mama alikuwa hajamtaja kwa zaidi ya miaka arobaini.

Halafu Jumatano karani wa ofisi ya kanisa akamletea mama kikaratasi. Mtu alikuwa amepiga simu ya ofisi. Karani, msichana mwenye mwandiko mzuri, alikuwa ameandika: "Nyambura ni mgonjwa sana. Anamuulizia Wambui. Yuko Murang'a." Tukapiga ile namba. Mteja hapatikani. Tukapiga tena na tena mpaka nikamchukia yule mama wa kwenye simu kana kwamba ni jirani yangu.

Mama alikaa na kikaratasi mapajani, chai ikapoa. Kisha akasema, "Njoki, hiyo gari iko na mafuta?"

Thika hadi Murang'a

Tulitoka Alhamisi asubuhi. Hata hatujavuka mto Chania, Mwalimu akaanza.

"Unajua tunaenda wapi?"

"Murang'a, Mwalimu."

"Fort Hall," akanisahihisha. "Na kabla ya Fort Hall paliitwa Mbiri. Mji huo huo mmoja. Mji wowote, Njoki, huwa na jina la waliofika kwanza, na jina la waliokuja na bunduki, na jina la waliorudishiwa."

"Mwalimu, nataka kupita lori."

"Pita. Nairobi ni Kimaasai, maji baridi. Mombasa ni Mvita. Dar es Salaam wenyewe waliita Mzizima. Kuna mji huko Uturuki ulioitwa Konstantinopoli kwa mamia ya miaka, leo ukiandika hivyo kwenye bahasha watu wa posta watakucheka. Na hii Thika yako? Wengine wanasema ni kuzika, kwamba watu walipigana hapa wakazikwa. Wengine wanasema ni neno la Kimaasai. Wewe unazaliwa hapa, unauza vitambaa hapa, na hujui unaitwa nani."

Mama, aliyekaa nyuma kwa sababu ya goti, alisema tu, "Kariuki, mwache mtoto aendeshe." Mtoto ana miaka arobaini na nne.

Murang'a tulianzia sokoni. Niliuliza mama mmoja wa viazi kama anamjua Nyambura ambaye ni mgonjwa. "Huyo ambaye ametoka hospitali juzi? Haiya! Namjua sana." Akafunga viazi vyake kwa gunia, akaingia garini bila kuuliza, akatuelekeza kwa barabara ya udongo iliyonikwangua chini ya gari mpaka mlangoni.

Walitupokea kwa shangwe. Tukaketishwa. Tukaletewa njahi. Nikaona sufuria kubwa ya yale maharagwe meusi nikashtuka kidogo, kwa sababu njahi kwetu ni chakula cha mama aliyejifungua. Kabla sijasema kitu, akatoka Nyambura. Alikuwa na miaka kama ishirini na minane, na kitoto cha siku nne kwenye leso.

Walikuwa wanangoja watu wa upande wa bwana, hawakuwa wamewahi kuwaona, na sisi tukaingia: wazee wawili wenye heshima na dereva. Nilimwangalia mama nikitumaini atasema. Lakini mama alikuwa ameshapewa mtoto. Alimwangalia, akamtemea mate kidogo kifuani kumbariki kama wafanyavyo wazee wetu, akaomba sala ndefu. Mwalimu akala njahi sahani mbili akawaeleza kuhusu Mbiri. Ilipita saa moja na nusu kabla sijamvuta mwenye nyumba kando nikamweleza. Alicheka hadi akashika ukuta. Akatufungia ndizi za kwenda nazo. Tulipokuwa tukirudisha gari nyuma pale langoni, wageni wa kweli walikuwa wakiingia, na wakatuangalia vibaya.

Tuliuliza mpaka saa nane. Hakukuwa na Nyambura mwingine mgonjwa ambaye mtu alimjua.

"Twende pale alikuwa," mama akasema. "Pale Nyahururu. Hapo watajua."

"Tomosoni," Mwalimu akasema polepole, akitaja jina lake la enzi za wazungu.

"Nyahururu!" tukamjibu kwa pamoja.

Murang'a hadi Nyahururu

Barabara ya Nyeri ni nzuri, sina neno. Neno langu ni Mwalimu. Kila tulipofika njia panda alishusha kioo akauliza mwenyewe, na aliuliza kwa majina ambayo hakuna mtu chini ya miaka sitini anayeyajua. Pale tulipojaza mafuta alimuuliza dada wa petroli, "Barabara ya Thomson's Falls ni hii?"

"Hiyo sijaisikia, guka. Ni kama ni huko Uganda?"

"Uganda! Ni hapa mbele!"

"Mbele ni Mweiga, halafu Nyahururu."

"Ndiyo hiyo."

"Sasa si ungesema Nyahururu?"

Nilitaka kushuka nimkumbatie yule dada. Mwalimu alipandisha kioo, uso umemwiva. Nikamwambia, kwa ukali ambao baadaye niliujutia, "Mwalimu, kwa nini usitumie jina ambalo watu wanalijua?"

Tulipita Mweiga. Kisha akasema, akiangalia nje, "Kwa sababu hujui mtu unayemtafuta analijua lipi."

Nilifikiri ni somo lingine.

Nyahururu ni baridi. Mvua ilitupokea mlangoni mwa mji, tukapata vyumba vitatu vyenye blanketi nzito kama zulia, tukala mukimo, tukalala.

Shamba lenye majina matatu

Ijumaa asubuhi mama alisema jina la shamba alikoolewa Tata. Lilikuwa jina la mzungu mwenye shamba, lakini mama alilitamka kama alivyolisikia kwa wazee: Thitibini. Niliwauliza waendesha bodaboda watano. Wa sita, mtu wa makamo, aliwaza akasema, "Hiyo ni ile shamba ilikuwa ya ushirika. Lakini siku hizi inaitwa jina ya mheshimiwa aliyenunua." Akatutangulia na pikipiki.

Langoni kulikuwa na bango jipya la jina la mheshimiwa. Chini yake, kwenye nguzo ya saruji, kulikuwa na maandishi ya zamani ya chama cha ushirika, rangi imebabuka. Na kwenye jiwe la msingi, ukiinama, kulikuwa na herufi za Kiingereza zilizochongwa. Zilikuwa za mzungu.

Mwalimu alishuka, akasimama mbele ya ile nguzo ya saruji. Nikadhani anasoma. Nilipomkaribia niliona mabega yanatetemeka.

"Mwalimu, ni baridi? Rudi kwa gari."

"Niliandika hili," akasema. Aliweka kidole kwenye maandishi ya ushirika. "Mama yetu alipokufa nilikuwa mwalimu mpya. Mimi ndiye niliyeandika barua kumwita Nyambura. Serikali ilikuwa imebadilisha jina la mji, na gazetini nilikuwa nimesoma kwamba mashamba yamepewa majina mapya. Nikasema mimi si mtumwa wa wazungu. Nikaandika Nyahururu, nikaandika jina hili. Kumbe huku shamba lilikuwa bado linaitwa Thitibini, na jina hili lilikuwa limepewa chama kingine kwanza, kule ng'ambo ya mji. Barua ilienda huko."

Mama alikuwa ameshuka, amejishikilia mlango wa gari.

"Ilirudi Thika baada ya miezi mitatu," Mwalimu akaendelea. "Imegongwa muhuri, hajulikani. Haijafunguliwa. Wewe ulikuwa umeshaapa hutamtaja tena. Nikaiweka kwenye sanduku."

"Uliniambia alipata barua," mama akasema.

"Nilikuambia nilituma."

"Kariuki. Miaka yote hii?"

Hapo katikati ya barabara, manyunyu yakitunyeshea, mama yangu, ambaye ni mzee wa kanisa, alimwita kaka yake jina ambalo sitaliandika. Kisha akaketi kiti cha mbele, goti na yote, akafunga mlango. Mwalimu akakaa nyuma.

Nami bado nilikuwa na kazi ya kuuliza alipo Tata. Ndani ya shamba tulimpata mwanamke anayekamua ng'ombe, ambaye mama yake alikuwa jirani ya Nyambura siku za zamani. Mama huyo alikuwa amesafiri kwenda kwa mtoto wake Nakuru. Binti akampigia. Mtandao ulikuwa unakatika kama kawaida ya huko.

"Anasema alihama na kijana yake miaka tisa imepita," binti akatuambia, simu imebanwa sikioni. "Alienda Ru... Mami, wapi? Ru... Sawa. Rumuruti."

Rumuruti

Mnaojua ramani mmeshaanza kucheka. Cheko hilo nalijua, mmenicheka nalo wiki nzima.

Kutoka Nyahururu ukishuka kuelekea kaskazini, mvua inakwisha kama imekatwa na kisu. Jua, vumbi, miiba, ngamia pembeni mwa barabara. Mjini nilimuuliza kila mtu mwenye duka. Nilimuuliza chifu, akiwa anakula, akaniambia kwa upole kwamba kwake hakuna Nyambura wa umri huo na angejua. Muuza chai mmoja, kwa kutuhurumia, alituambia mji unaitwa Rumuruti kwa sababu wazungu waliona ni mbali mno wakaupa jina la Kiingereza la njia ya mbali, remote route, na Waafrika wakalipinda ulimi. Nilingoja Mwalimu ambishie. Nilijua angembishia, hilo ni jina la Kimaasai, hata mimi niliwahi kusoma. Mwalimu aliangalia kikombe chake tu.

Saa kumi na moja simu yangu ikalia. Ilikuwa sauti ya yule mama aliyeko Nakuru, bintiye alikuwa amempa namba yangu, na sasa iko wazi kama ya redio.

"Ni nyinyi mnamtafuta Nyambura? Nani amewapeleka Rumuruti?"

"Binti yako, mama. Alisikia hivyo."

"Aca! Nilisema Ruiru! Ruiru! Kijana yake alipata kazi ya kiwanda. Wako Mugutha. Ulizeni kwa Mutonga, ile ploti ya zamani ya kahawa."

Niliweka simu mezani. Kutoka mlango wa duka langu, nikisimama barabarani, hadi Mugutha kama hakuna jam ni dakika ishirini na tano. Nimeenda huko kupeleka mapazia. Nilifikiria kupiga kelele, lakini kulikuwa na watu wanakunywa chai.

Kurudi

Jumamosi tulianza mapema. Ol Kalou, kisha ule mji unaoitwa Engineer, ambao wenyeji wanauita Njinia na watoto wao wanaandika hivyo hivyo. Kisha Njabini, kisha kituo kinachoitwa Flyover. Siku yoyote nyingine Mwalimu angetukomesha na hiyo safari: miji mizima yenye majina ya Kiingereza ambayo Kikuyu kimeyatafuna na kuyameza. Nilipita Njinia nikimwangalia kwa kioo: alikuwa amefunga macho.

Tuliingia Kamakis, pale Ruiru, saa saba kasoro kula, kwa sababu mimi ndiye dereva na nilikuwa nimechoka. Moshi wa nyama, muziki wa kila banda ukipigana na wa banda jingine. Mama alikataa nyama akaomba chai. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye pembe ya benchi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nikashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, hii Kamakis ni jina la nani?"

Aliinua macho. Alijaribu, niliona akijaribu.

"Sijui, Njoki," akasema.

Mama alikoroga chai isiyokuwa na sukari kwa muda mrefu.

Mugutha

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo karibu nirudi nyumbani.

Hakuna mtu Mugutha anayejua kwa Mutonga. Pale palipokuwa na kahawa sasa kuna magorofa, na kila geti lina jina la Kiingereza la mahali pasipokuwepo: bustani bila mti, ziwa bila maji. Mlinzi wa kwanza aliniambia, "Madam, hapa ni Paradaizi." Wa pili akasema ni Paradaizi Fezi Tuu. Nikamwambia sitafuti paradiso, natafuta mwanamke mzee. Akasema wazee ni wengi, nitaje namba ya nyumba.

Tulizunguka saa moja. Mwishowe mama mmoja anayeuza sukumawiki alituuliza tunatafuta nini, na nilipotaja Nyambura aliacha kukata mboga.

"Nyinyi ndio watu wa Thika? Mimi ndiye nilipiga simu! Hiyo simu iliibwa siku hiyo hiyo. Mbona mmekawia hivi, na shosho anangoja?"

"Tulienda Murang'a," nikasema. "Ujumbe ulisema Murang'a."

"Murang'a? Mimi sikusema Murang'a. Nilisema vile shosho aliniambia, yuko kwa barabara ya Foti Hoo. Sijui ni barabara gani. Yule msichana aliniuliza Foti Hoo ni wapi, nikamwambia mimi sijui, aulize wazee. Kabla nimwambie ni hapa Ruiru, kredo ikaisha."

Nikaelewa. Barabara kuu hii inayopita Ruiru ikaja Thika, wazee waliiita barabara ya Fort Hall, kwa sababu ndiko ilikokuwa inaelekea. Na karani wetu, kwa bidii yake, alitafuta Fort Hall kwenye simu, akaandika jina la kisasa ili atusaidie.

Tata Nyambura alikuwa ameketi nje ya chumba kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, imeegemezwa kwenye ndoo. Ana uso wa mama, ila mrefu zaidi. Mkaza mwana alitaka kumsaidia kusimama, akamzuia kwa mkono.

Mama alisimama hatua tatu mbele yake. Mwalimu ndiye aliyepita mbele, akapiga magoti kwenye saruji, mzee wa miaka sabini na mitatu, akasema yote. Gazeti, bahasha, muhuri, sanduku. Alisema kwa Kikuyu na hakujipunguzia kosa hata moja.

Tata alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akazungumza na mama.

"Nilikuja," akasema.

"Lini?"

"Mtu wa kuuza ng'ombe aliniambia. Mama alikuwa amezikwa wiki mbili. Nilikuja mpaka kwa ua. Niliona msalaba wa mbao karibu na migomba. Nyinyi mlikuwa mnakula, wageni wengi, wewe unacheka na mtu. Nikasema, hawa wamenizika na mimi. Nikarudi."

Mama alishika goti lake.

"Tulikungoja," akasema. "Mama alisema mngojeni Nyambura. Watu walitaka azikwe Alhamisi. Tukakataa. Tukangoja mpaka Jumamosi. Padri alikasirika. Jumamosi asubuhi nilienda stendi kungoja basi ya Tomosoni, na watu wamesimama kwa kaburi."

"Basi gani?"

"Zote mbili. Ya saa tatu na ya saa sita."

Tata alivuta kona ya leso yake. Machozi yalikuwa yanamshuka lakini uso haukubadilika.

"Kwa hivyo alinitaja," akasema.

"Wewe tu."

Alimgeukia Mwalimu, ambaye bado alikuwa chini. "Simama, Kariuki. Saruji ni baridi. Nishike mkono unipeleke kwa Mama."

"Kesho, Tata," nikasema haraka. "Wewe ni mgonjwa, na sisi..."

"Kesho ya nani?"

Mkaza mwana akapinga, mama wa sukumawiki akapinga, mimi nikapinga zaidi ya wote. Hakuna aliyetusikiliza. Walimwingiza garini kwa dakika kumi, mto chini ya miguu, ndugu hao watatu wakibishana kuhusu upande wa kumshika.

Kaburi liko kwenye shamba letu nje ya Thika, na msalaba siku hizi ni wa saruji. Tulifika saa kumi. Niliegesha karibu nilivyoweza, nikakanyaga mahindi ya jirani. Mama alimshika upande mmoja, Mwalimu upande mwingine, na kwa kuwa kati ya miguu yao sita ilikuwa mizima labda mitatu, walichukua muda wote duniani kufika. Nilitaka kwenda kuwasaidia. Mama alinikataza kwa jicho.

Walipofika, Tata hakuomba wala hakulia kwa sauti. Nilimsikia akisema, kama mtu anayeingia nyumbani akiwa amechelewa chakula, "Mami, nimefika."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye buti ya gari, nimevua viatu. Nikalia, kwanza kwa hasira, halafu kwa ile sababu nyingine.